Kuganga na Kuuguza: Majeruhi wa Baruti na Mizinga katika Tabora, 1893–1918

Kiswahili kina vitenzi viwili vya kumtunza mtu aliyeumia, na maana zake si moja. Kuganga ni kuunga kilichovunjika na kufunga kilichopasuka. Ndiyo kazi ya mganga, nayo ina mwanzo na mwisho. Kuuguza, kitenzi kilichozaliwa na kuugua, ni kukaa na mgonjwa siku baada ya siku, kumlisha, kumgeuza, kumwosha kidonda na kungoja. Historia ya vita vya Tabora, na vya njia ya zamani ya misafara itokayo Bagamoyo hadi Ujiji, yaonyesha kwamba majeshi yaliyopita huko yaliganga kwa kadiri yalivyoweza, bali kazi ya kuuguza waliachiwa wengine.

Baruti ilifika Unyamwezi pamoja na bunduki za gobori, zikichukuliwa mabegani mwa wapagazi na kubadilishwa kwa pembe za ndovu. Vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora, vilivyoanza mwaka 1871, vilipiganwa kwa silaha hizo. Hapakuwa na hospitali wala daktari wa jeshi. Aliyejeruhiwa alirudishwa kwake, mganga akamfunga, na ndugu zake wakamwuguza. Yafaa kukumbukwa hapa kwamba mzinga, jina la silaha iliyo kubwa kupita gobori, ni jina pia la gogo lililotobolewa wakaamo nyuki; na asali itokayo katika gogo hilo, ambayo ndiyo sifa ya misitu ya Tabora hata leo, ni dawa ya vidonda iliyojulikana tangu kale kwa mataifa mengi.

Mlipuko mkubwa ulio mashuhuri katika habari za Tabora ni ule wa Januari 1893. Isike, mtemi wa Unyanyembe, alikuwa amewapinga Wajerumani, na mashambulio yao ya mwaka 1892 juu ya ngome yake hayakufaulu. Ndipo Tom von Prince, aliyeitwa na wenyeji Bwana Sakarani, alipoivunja ngome hiyo. Isike, alipoona yamekwisha, aliwasha ghala yake ya baruti ili afe ndani yake pamoja na watu wake. Hakufa papo hapo. Wajerumani walimtoa angali anahema, wakamtundika. Tendo hilo laeleza wazi hali ya majeruhi aliye mikononi mwa adui asiye na haja naye: hakugangwa wala hakuuguzwa.

Vita kuu ya 1914–1918 vilileta makombora na bunduki za rashasha, na pia madaktari wa jeshi. Tabora, iliyokuwa imefikiwa na reli mwaka 1912, ilitetewa na Jenerali Kurt Wahle; nao askari wa Kongo ya Kibelgiji, chini ya Jenerali Charles Tombeur, wakaiingia tarehe 19 Septemba 1916 baada ya mapigano makali katika Usoke, Lulanguru na Itaga. Wajerumani, waliofungiwa bahari na manowari za Kiingereza, walikosa vifaa. Walitengeneza kwinini kwa magome ya miti ya mkwinini, na bendeji kwa maganda ya miti. Katika kuganga, basi, walikuwa na bidii na werevu. Lakini jeshi litembealo daima haliwezi kuuguza. Novemba 1917, karibu na kuvuka Ruvuma, Jenerali von Lettow-Vorbeck aliwaacha nyuma mamia ya wagonjwa na majeruhi, Wazungu na askari, wapokewe na Waingereza.

Hali ya wapagazi ilikuwa mbaya zaidi. Waingereza peke yao waliwatumia watu wapatao milioni moja katika kazi hiyo. Hesabu yao rasmi ya waliokufa ilikuwa 45,000 hivi, na wanahistoria wengi wasadiki kwamba idadi ya kweli ilifika maradufu. Wengi waliuawa na maradhi kuliko risasi. Jina la kikosi chao limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam. Bali mpagazi aliyerudi Unyamwezi na mguu uliopooza, au sikio lililozibwa na kishindo cha kombora, hakuwa na daktari wa kumwangalia tena. Jeshi lilimhesabu kuwa majeruhi maadamu alilala hospitalini. Alipotoka akawa kilema, na kilema ni wa nduguze.

Tofauti ya majina hayo mawili ilikuwa pia tofauti ya fedha, kwa maana malipo ya baada ya vita yalifuata cheti na si kidonda. Husimuliwa kwamba Ujerumani ilipoamua mwaka 1964 kuwalipa askari wake wa zamani waliokuwa hai, wazee walikusanyika Mwanza, na wachache tu walikuwa na vyeti. Kila mmoja basi akapewa ufagio mahali pa bunduki, akaamriwa gwaride kwa Kijerumani, na wote wakatii bila kukosea. Kisa hicho husimuliwa kwa kicheko na kwa sifa. Lakini aliyezibwa masikio na mizinga ya Itaga asingaliisikia amri, wala aliyekatwa mguu asingaligeuka kwa hatua. Na mpagazi hakufundishwa gwaride kamwe. Mtihani uliowathibitisha wazima ungaliwatupa wale wale walioumia zaidi.

Methali yasema: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kwa mataifa yaliyopatana, ni shauri jema. Kwa aliyepigwa na kombora, yaliyopita ni ndwele ile ile aamkayo nayo kila asubuhi, na haja yake si kugangwa mara ya pili bali kuuguzwa. Leo mwuguzi ni jina la mtu mwenye elimu na mshahara. Katika Tabora ya 1916, jina hilo lilikuwa la mama, la mke na la ndugu, ambao kazi yao haikuandikwa katika daftari lo lote la vita.