Ukiumia kazini Tabora: fidia ni haki, si hisani ya bosi

Mtu akikatwa na msumeno kwenye karakana ya mbao mjini Tabora, wenzake humkimbiza Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Kidonda kikishashonwa, bado kuna hatua ya pili: kudai fidia.

Majeraha ya kawaida
Kukatwa na mashine, kuanguka kutoka juu, kuumia mgongo kwa kubeba mizigo. Kwenye mashamba ya tumbaku, anayechuma majani mabichi yenye umande anaweza kupata kizunguzungu na kutapika, maana nikotini hupenya kwenye ngozi.

Nani analipa?
Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi mwaka 2015. Unahusu sekta ya umma na binafsi Tanzania Bara. Mchango hutoka kwa mwajiri. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi hata senti.

Analipwa nini?
Matibabu, pamoja na asilimia 70 ya mshahara kwa muda ambao hawezi kabisa kufanya kazi. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Akifariki, wategemezi wake hulipwa.

Afanye nini?
Amwambie mwajiri siku hiyohiyo, apate mashahidi, atunze karatasi zote za hospitali. Mwajiri ana siku 7 za kutoa taarifa WCF. Bosi akikaa kimya, mfanyakazi au ndugu yake apeleke taarifa mwenyewe. Miezi 12 ikipita bila ajali kuripotiwa, haki hiyo hupotea.