Mikasa, Manowari ya Yokosuka

Katika mji wa Yokosuka, ulio kwenye ufuo wa magharibi wa mlango wa ghuba ya Tokyo, ipo manowari kongwe ambayo imekaa ukingoni mwa bahari lakini haielei, kwa maana mkuku wake na mbavu zake hadi penye mstari wa maji vimezungukwa na zege na mchanga, hata mtu aitazamaye kutoka mbali hudhani imetia nanga, na akiisogelea kwa miguu huona kuwa imekuwa sehemu ya nchi kavu. Jina lake ni Mikasa, nalo limetokana na mlima ulioko Nara. Omo yake imeelekezwa kwenye kasri ya Mfalme wa Japani, na mbele yake imesimamishwa sanamu ya Amirali Togo Heihachiro, aliyekuwa ndani yake siku ile iliyoipatia sifa.

Yokosuka haikuwa ngeni kwa mambo ya marikebu. Commodore Perry wa Marekani alishuka pwani ya Kurihama, ambayo leo imo ndani ya mji huo, mnamo mwaka 1853, akiitaka Japani ifungue milango yake. Na mwaka 1865 serikali ya shogun, kwa msaada wa mhandisi Mfaransa Léonce Verny, ikaanza kujenga hapo karakana na gudi za kutengenezea meli. Lakini Mikasa yenyewe haikuundwa Yokosuka, wala mahali pengine popote katika Japani. Iliundwa Barrow-in-Furness, kaskazini mwa Uingereza, na kampuni ya Vickers, ikashushwa majini mwezi Novemba 1900 na kukabidhiwa wenyewe mwaka 1902, ikiwa na uzito wa tani zipatazo 15,000, mizinga mikubwa 4 ya inchi 12, na deraya ya chuma cha Krupp. Ama fedha za kuunda jeshi jipya la bahari la Japani, sehemu kubwa ilitokana na fidia iliyotozwa China baada ya kushindwa vitani mwaka 1895. Kwa hiyo, kabla haijapiga kombora hata moja, marikebu hii ilikwisha kuwa na deni kwa Mwingereza aliyeiunda na kwa Mchina aliyeilipia bila ya hiari yake.

Ilipozuka vita baina ya Japani na Urusi mwaka 1904, na ngome ya Warusi ya Port Arthur ikazingirwa, Kaisari wa Urusi aliamuru jeshi lake la bahari ya Baltiki lizunguke nusu ya dunia kwenda kuwaokoa waliozingirwa. Safari hiyo, iliyoongozwa na Amirali Rozhestvensky, ilianza kwa fedheha, maana katika giza la Bahari ya Kaskazini walizimiminia risasi mashua za wavuvi wa Kiingereza wakizidhania kuwa vyombo vya topedo vya Wajapani. Manowari kubwa zikapita Rasi ya Tumaini Jema, na nyingine zikapita Suez, kisha zote zikakutana katika bahari yetu hii, huko Nosy Be, kaskazini-magharibi ya Bukini, kisiwa ambacho majahazi ya Ngazija na ya Unguja yalikijua tangu zamani. Hapo zilikaa zaidi ya miezi miwili, katika joto na maradhi, zikipakiwa makaa na meli za Kijerumani mpaka makaa yakarundikwa juu ya sitaha. Na huko Bukini ndiko ilikowafikia habari kuwa Port Arthur imekwisha kuanguka. Walikuwa wakienda kuiokoa ngome isiyokuwapo tena, na bado wakaamriwa waendelee.

Tarehe 27 Mei 1905 wakafika katika mlangobahari wa Tsushima, baina ya Japani na Korea, na Togo, akiliongoza jeshi la Wajapani kutoka ndani ya Mikasa, alikuwa akiwangoja. Alisimama juu kabisa, mahali pa wazi pasipo na kinga ya chuma, akapandisha bendera ya ishara iliyowaambia mabaharia wake kwamba hatima ya dola imo katika vita vya siku hiyo. Kisha, adui akiwa karibu, akaigeuza safu yake yote mbele ya midomo ya mizinga ya Warusi, chombo kimoja baada ya kingine, ili awazibie njia. Jambo hilo lilikuwa la hatari kubwa, na Mikasa, kwa kuwa iliongoza, ndiyo iliyolipa: makombora zaidi ya 30 yaliipata. Lakini mwishowe, katika vyombo 38 vya Warusi ni vitatu tu vilivyofika Vladivostok. Watu wao zaidi ya 4,000 walikufa, na wa Wajapani walikuwa 117. Rozhestvensky, akiwa majeruhi, alitekwa, na Togo akaenda kumzuru hospitalini huko Sasebo, adabu ambayo watu wa bahari wameisifu hadi leo.

Miezi minne haijatimia, na sulhu ikiwa imetiwa saini siku chache tu nyuma, Mikasa ililipuka kwa baruti yake yenyewe ikiwa imetulia bandarini Sasebo, ikazama, na mabaharia zaidi ya 250 wakafa. Hao ni zaidi ya maradufu ya waliouawa katika jeshi zima la Togo kwenye vita vile.

Iliibuliwa mwaka 1906, ikatumika tena, na ilipokuja Mapatano ya Washington ya 1922, yaliyozipunguza manowari za mataifa makubwa, ikawa miongoni mwa zilizohukumiwa kuvunjwa. Wajapani wakaomba ridhaa ya wenzao waliotia saini, wakaipata kwa sharti kwamba isiweze kusafiri tena kabisa. Ndiyo sababu ya lile zege. Mwaka 1926 ikafunguliwa kuwa kumbukumbu, na Togo, mzee, akahudhuria.

Baada ya Japani kushindwa mwaka 1945 ikaja zamu ya aibu. Warusi walitaka ivunjwe. Wamarekani waliotawala hawakukubali, lakini mizinga, milingoti na daraja la nahodha viliondolewa, mbao za msaji za sitaha zikang'olewa, na juu ya mgongo wa marikebu pakawekwa nyumba ya samaki wa kutazamwa na ukumbi wa dansi wa askari, ulioitwa kwa jina la Togo mwenyewe. Mwaka 1955 Mwingereza John Rubin, mzaliwa wa Barrow, alipoiona katika hali hiyo aliandika barua gazetini kulalamika. Na Amirali Nimitz wa Marekani, aliyewahi kukutana na Togo katika ujana wake na ambaye aliliongoza jeshi la bahari la Marekani kuwashinda Wajapani katika Pasifiki, akaandika makala na kutoa ujira wake kwa ajili ya matengenezo. Vifaa vingine vilitoka katika manowari ya Chile, Almirante Latorre, iliyokuwa ikivunjwa Japani wakati huo. Ikafunguliwa tena tarehe 27 Mei 1961.

Leo mgeni hupanda hadi juu, akaonyeshwa alama ya mahali aliposimama Togo, na wengi huishia hapo wakipiga picha. Ushindi ule ulipofika masikioni mwa watu wa Asia waliotawaliwa na Wazungu uliwatia moyo, na sioni ajabu. Lakini Wakorea, ambao nchi yao ilikuwa miongoni mwa zilizogombewa, waliwekwa chini ya himaya ya Japani mwaka ule ule wa 1905, na mwaka 1910 nchi yao ikamezwa kabisa. Kuizungumza Tsushima bila ya Korea ni kusimulia nusu ya habari, na hiyo nusu iliyo nyepesi.

Katika manowari zote za namna yake zilizoundwa duniani kabla ya mwaka 1906, hii ndiyo pekee iliyobaki. Mizinga yake ni ya kuigiza, iliyotengenezwa baadaye. Mwili wake ndio ule ule uliopigwa Tsushima. Basi atakayejaliwa kufika Yokosuka na aanze kwa kuutazama ubavu, na mizinga aiache nyuma.