Ngazi ya Mwalimu wa Sekondari katika Masisi na Walikale

Mtu akitembea katika Masisi na Walikale ataona shule za sekondari mahali ambapo babu zetu hawakujua hata darasa la kwanza. Akiingia katika ofisi ya prefe wa masomo, ataonyeshwa orodha ya walimu, na kando ya kila jina ataona alama fupi: D6, G3, L2. Wengi huzipita alama hizo bila kuziangalia. Lakini ndani yake imo historia ya nchi yetu, na imo pia bahati ya watoto wetu.

D6 ni mtu aliyemaliza sekondari ya miaka 6 na kupata diploma ya Serikali. G3 ni yule aliyesoma miaka 3 zaidi katika shule ya juu akapewa gradua. L2 ameongeza tena miaka 2, akapewa lisansi. Kwa kanuni, mwenye gradua hufundisha madarasa ya chini ya sekondari, na mwenye lisansi hufundisha madarasa ya juu ya humanite. Je, ndivyo ilivyo huku kwetu? Katika shule nyingi zilizo mbali na barabara, D6 ndiye anayewatayarisha wanafunzi kwa mtihani uleule ambao yeye mwenyewe aliuacha nyuma miaka michache tu. Hatusemi neno hili kwa kuwadharau. Pasipo hao, shule hizo zingefungwa. Twataka kueleza tu jinsi mambo yalivyofika hapo.

Zamani za monitore

Tarehe 26 Mei 1906 Serikali ya Mfalme Leopold II ilifanya mapatano na Baba Mtakatifu wa Roma. Misioni zilipewa ardhi, nazo zikakubali kufungua shule. Tangu siku hizo kazi ya kufundisha katika sehemu kubwa ya Kongo ilikuwa mikononi mwa wamisionari, na kwetu Kivu hasa mikononi mwa Mapadri Weupe. Vijijini katekista na mwalimu walikuwa mara nyingi mtu mmoja: asubuhi alifundisha sala, kisha akafundisha kusoma na kuhesabu.

Mpango wa masomo wa mwaka 1929 uliweka daraja mbili za shule ya msingi, ya kwanza miaka 2 na ya pili miaka 3. Juu yake palikuwa na shule za kazi za miaka 3: moja ya makarani, moja ya mafundi, moja ya walimu. Aliyetoka katika ile ya walimu aliitwa monitore. Hapo ngazi yake ilikoma. Kijana aliyetaka elimu ya juu aliona mlango mmoja tu, nao ni seminari kubwa. Na mlango huo ulielekea altareni, haukuelekea darasani. Basi Kongo ilipata mapadri waliosoma falsafa na teolojia kabla ya kupata mwalimu mlei aliyesoma historia au hesabu katika universite.

Mwaka 1948 mpango ulibadilishwa. Sekondari ya miaka 6 ilianza kutolewa kwa Wakongomani, na shule ya monitore ikawa ya miaka 4. Mwaka 1954 Universite ya Lovanium ilifunguliwa Kimwenza, karibu na Léopoldville. Mwaka 1956 Serikali nayo ikafungua ya kwake Elisabethville. Katika mwaka huohuo wa 1956 Thomas Kanza alimaliza masomo yake huko Louvain, Ubelgiji, akawa Mkongomani mlei wa kwanza kupata lisansi ya universite. Somo lake, wasomaji wapenzi, lilikuwa nini? Saikolojia na elimu ya ualimu! Lakini mmoja hajazi nchi. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba Wakongomani wenye shahada ya universite walikuwa 16 tu katika nchi nzima.

Shule zakimbia, ngazi yabaki mbali

Baada ya Uhuru kila kijiji kilitaka sekondari. Nani angeweza kukataa? Watoto walikuwako, wazazi walikuwa tayari kufyatua matofali. Mpango mpya wa miaka ile uliweka kwanza miaka 2 ya uelekezaji kwa watoto wote, kisha miaka 4 ya humanite. Lakini walimu walikosekana, kwa maana walimu Wabelgiji wengi walikuwa wamerudi kwao. Shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, yaani UNESCO, lilisaidia kuleta walimu wageni, na wengi wao walitoka Haiti, watu weusi kama sisi wenye kusema Kifaransa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Dawa ya kudumu ilikuwa kuwafundisha wenyeji. Mwaka 1961 ilianzishwa huko Léopoldville Taasisi ya Taifa ya Ualimu, na katika mwaka huohuo Bukavu ikapata shule yake ya juu ya ualimu, ile tunayoiita leo ISP Bukavu. Kwa mtu wa Masisi, kwenda huko kulikuwa kushuka hadi Goma, kisha kuvuka ziwa kwa mashua. Kwa mtu wa Walikale, ilikuwa kupita msitu na milima kwa barabara ambayo mvua huikata. Wala amani haikudumu: uasi wa mwaka 1964 ulifunga njia nyingi za mashariki, na tangu Agosti hadi Novemba 1967 mji wa Bukavu wenyewe ulishikwa na askari wa kukodiwa wa Schramme. Tena mwaka huo wa 1967 ndio ulioanzisha mtihani wa Serikali, mmoja kwa nchi nzima. Angalieni vizuri. Tangu siku ile mtoto wa Pinga au wa Nyakariba alijibu maswali yaleyale na mtoto wa Kinshasa, lakini hawakuwa na walimu sawasawa.

Mwaka 1971 universite zote tatu na zile shule za ualimu ziliunganishwa kuwa moja, Universite ya Taifa ya Zaire, chini ya rekta Monsinyori Tshibangu. Kila mji ulipewa masomo yake. Saikolojia na elimu ya ualimu zilipelekwa Kisangani, na lugha na historia Lubumbashi. Mtu wa Walikale aliweza kufuata barabara ya Lubutu hadi Kisangani. Lakini aliyetaka lisansi ya historia alipaswa kuvuka karibu nchi yote. Ndipo lilipoimarika hesabu ya 3 na 2, gradua na lisansi. Aliyetoka ISP alikuwa amejifunza ualimu pamoja na somo lake. Aliyetoka universite alipaswa kuongeza masomo ya ualimu yaitwayo agregasioni, ndipo aruhusiwe rasmi kufundisha sekondari. Mwaka 1981 chombo hicho kikubwa kilivunjwa, na kila universite na kila ISP ikasimama peke yake.

Wakati huo shule zenyewe ziliyumba. Mwishoni mwa mwaka 1974 Serikali ya Mobutu ilizitwaa shule za misioni; tarehe 26 Februari 1977 zilirudishwa kwa usimamizi wa makanisa kwa mkataba, na ndiyo sababu hata leo twasema shule za konvensioni. Kisha fedha ya nchi ikaanguka. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990 mshahara wa Serikali haukumlisha tena mwalimu, na wazazi wakaanza kumchangia. Basi mzazi wa Masisi, kwa maharagwe yake na viazi vyake, alilipa kiti cha mtoto na mkate wa mwalimu pamoja. Na mwalimu alipokwenda kusoma, sehemu ya safari ile ilitoka katika mfuko uleule wa mzazi. Neno hili tusilisahau.

Mwaka wa 1993

Tarehe 20 Machi 1993 watu waliuawa sokoni Ntoto, katika Walikale, na mauaji yakaenea Masisi. Katika mwaka huohuo Universite ya Kisangani ilifungua tawi lake Goma, ambalo mwaka 2004 lilisimama peke yake kuwa Universite ya Goma. Ngazi ilikaribia nyumba mwaka uleule ambao njia ya kuifikia ilijaa damu. Twaweza kusema kwamba mambo haya mawili, masomo kukaribia na amani kukimbia, yametembea pamoja tangu hapo. Masisi yenyewe imepata ISP Machumbi, mwalimu asome bila kuondoka katika teritwari yake. Lakini mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, na mwezi wa Machi walifika hata Walikale mjini, wakatoka mwezi uliofuata.

Kuna shida nyingine isiyobeba bunduki. Wakimbizi wengi walipofika Goma mwaka 1994, mashirika ya misaada yalikuja pamoja nao, yakatafuta watu waliosoma. Tangu mwaka 2002 hivi, machimbo ya Bisie katika Walikale yaliwavuta vijana na hata walimu kwa madini ya bati. Basi shahada, iliyokusudiwa kumwimarisha mwalimu darasani, ikawa mara nyingi mlango wa kutokea. Kijiji kilimtuma D6, mji ukampokea L2.

Je, tumlaumu? Mwenye kurudi na gradua yake mara nyingi huendelea kulipwa kama D6, kwa sababu karatasi zake hazijakubaliwa Kinshasa. Asiyekuwepo na lake halipo. Na Kinshasa ni mbali sana na Walikale. Mtu aliyetumia miaka 3 na fedha ya mbuzi wake wote, kisha asione tofauti hata moja mwisho wa mwezi, atavumilia mpaka lini?

Majina mapya

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi yetu imeanza kwa jumla mpango mpya uitwao LMD, yaani lisansi, masta na doktora. Hapa yafaa wasomaji waangalie, kwa maana neno ni lile lile na maana imegeuka. Lisansi ya zamani ilikuwa miaka 5 baada ya sekondari. Lisansi mpya ni miaka 3, na masta huongeza miaka 2. Mzazi akisikia kwamba shule imepata mwalimu wa lisansi, aulize: ya zamani au mpya? Si kwa dharau, ila kwa kujua ni darasa gani limfaalo.

Tukiitazama historia hii yote, twaona jambo moja. Kila mara nchi ilipomwita mwalimu aende mbali kusoma, kijiji kilipoteza mtu, na mara nyingi hakikumpata tena. Masomo yalipokaribishwa, aliweza kupanda ngazi huku akibaki na wanafunzi wake. Basi wenye shule za juu waone kama masomo ya likizo kubwa hayawezi kufanywa Masisi na Walikale, mahali penye usalama, badala ya kumngoja mwalimu Goma au Bukavu. Kamati za wazazi nazo, zinapomsaidia mwalimu kusoma, ziandikiane naye miaka atakayofundisha baada ya kurudi. Na wasimamizi wa shule wafuatilie karatasi zake mpaka mshahara ulingane na shahada. Mtoto wa darasa la sita hangoji. Mtihani wa Serikali huja kila mwaka, awe na mwalimu au asiwe naye.