Udongo wa Owino Uhuru hausahau

Wasee, hebu tuongee kuhusu Owino Uhuru, pale Mombasa. 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi hapo, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Ndani ya betri kuna risasi. Hii haihitaji bunduki kuua, inaua polepole.

Phyllis Omido aliajiriwa humo 2009. Mtoto wake akaugua, damu ikapimwa, kumbe ni risasi. Akaacha kazi, akaanza kupiga kelele. Kiwanda kikafungwa 2014.

Wengi walidhani stori imeisha hapo. Zii. Risasi haiozi. Inashikana na udongo wa juu, ule watoto wanachezea. Ndio maana lazima upime: unachota udongo sehemu nyingi, juu na chini, karibu na mbali, unapima na maji ya visima, unapeleka maabara. Bila hizo namba, mahakamani uko na hadithi tu.

2020 mahakama ikaamua wakaaji walipwe shilingi bilioni 1.3 na eneo lisafishwe. 2023 Mahakama ya Rufaa ikavuruga hiyo hukumu. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikarudisha ile bilioni 1.3. Miaka kumi baada ya kiwanda kufungwa, manze.

Kama kwenu kuna kiwanda kama hicho, uliza leo: udongo ulipimwa lini, na majibu yako wapi? Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kujua. Usingoje damu ya mtoto ndio iwe kipimo.