Bhoma, Bawabu wa Bali

Nimekwisha kuona mara kadhaa picha za malango ya mahekalu ya Bali zimeandikiwa chini neno "shetani". Neno hilo lanikera. Uso ule juu ya mlango, wenye macho ya kutumbua, meno yaliyochomoza na mikono iliyotanua vidole, una jina: Bhoma. Asili yake ni Kisanskriti, na maana yake ni "aliyezaliwa na ardhi". (Lafanana kwa sauti na boma letu, na mfanano huo watamanisha.)

Wahindu wa Bali husimulia kwamba mama yake ni Pertiwi, mungu wa kike wa ardhi, na baba yake ni Wisnu. Katika Bhomantaka, utenzi mrefu wa Kijava cha kale, Bhoma awapiga vita miungu, kisha auawa na Kresna, ambaye si mwingine ila Wisnu aliyejivika mwili wa binadamu. Baba amwua mwanawe. Na adui huyo ndiye aliyepandishwa juu ya lango, ayalinde makao ya miungu wale wale.

Huko Java, kwenye Borobudur ya karne ya 9, uso wa jamii hiyo huitwa Kala, nao hauna taya la chini. Bhoma wa Bali ana taya, ana na mikono. Katika pango la Goa Gajah, la karne ya 11, mlango wenyewe ni kinywa.

Sasa tumwiteje? Shetani hufukuzwa mlangoni. Huyu ndiye afukuzaye. Zimwi lafanana naye kwa sura tu. Mimi huandika "bawabu", nami najua kwamba kwa neno hilo meno yamepotea.