Kangaga la chungu

Kangaga la chungu ni mmea wa kivulini usio na maua wala mbegu. Huzaliana kwa spora, zinazokaa ndani ya yale madoa ya kahawia yaliyojipanga chini ya majani. Katika nchi za baridi huingizwa ndani kabla ya theluji. Kipawa, kata ya Wilaya ya Ilala iliyo jirani na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, baridi ya Julai hailidhuru. Adui wake ni ukavu. Kuanzia Juni mvua huadimika na upepo wa kusi hukausha udongo. Januari na Februari jua huunguza ncha za majani hadi zikavunjika zikiguswa. Hapo chungu huhamishiwa barazani au sebuleni, karibu na dirisha lisilopigwa jua, mbali na feni. Udongo uwe na unyevu, lakini maji yasituame: mizizi iliyooza haiokoleki kirahisi kama majani yaliyokauka. Hayo hukatwa shinani, na shina la ardhini likiwa hai, masika huleta machipukizi yaliyojikunja. Spishi inayofugwa sana majumbani, Nephrolepis exaltata, asili yake ni Amerika. Ndugu yake, Nephrolepis biserrata, huota porini Afrika Mashariki, hata juu ya vigogo vya michikichi.