Kutafuta Chanzo: Historia Fupi ya Tiba ya Moyo Unaopiga Ovyo

Mwaka 1929, huko Eberswalde, Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono wake mwenyewe hadi moyoni, ingawa mkuu wake alikuwa amemkataza. Mwaka 1956 alipata Tuzo ya Nobel.

Miaka ya 1980 madaktari wa Marekani walitumia mrija kama huo, yaani katheta, kuunguza sehemu zinazovuruga mapigo. Lakini mtetemo wa vyumba vya juu vya moyo uliendelea kuwasumbua. Mwaka 1998, Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kwa wagonjwa 45 kwamba cheche nyingi huanzia katika mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Tangu hapo mishipa hiyo huzungushiwa kovu. Hata hivyo, mtetemo uliodumu muda mrefu hurudi kwa urahisi zaidi.

Kwetu, kuanzia Jabe hadi Dar es Salaam, vijana wengi hupata mtetemo huu kwa sababu nyingine: maambukizi ya koo utotoni huleta homa ya rumatizimu, nayo huharibu vali ya moyo. Kovu la katheta haliponyi vali. Basi funzo la Bordeaux, kutafuta chanzo, hapa linaanzia kwa mtoto anayeumwa koo na penisilini inayotolewa mapema.